Tulivyojenga Duara la Tufe Al Wukair

Hii hadithi ya tufe siwezi kuisimulia nimekaa. Kila nikiianza najikuta nimesimama, mkono umeinuka juu, na watu wa nyumba wanasogeza vikombe. Basi sogezeni vikombe.

Doha nilienda kwa sababu ya mtoto mchanga. Msichana wangu ni nesi huko, alijifungua kijana, na kazi ya hospitali haingojei mtu anyonyeshe. Akanitumia tikiti, akasema, "Mama, kuja miezi mitatu tu." Miezi mitatu! Nilikaa mpaka huyo kijana akaanza shule. Mwanzo tuliishi Fereej Bin Mahmoud, ghorofa zimebanana, chini kinyozi, duka la mkate, duka la simu, na mimi siku nzima nachungulia dirishani kama kuku ndani ya kikapu. Halafu tukahamia Al Wukair, huko nje kwenye upepo na vumbi na nafasi. Hapo ndipo pumzi yangu ilirudi.

Sasa mwenye hadithi ni mjukuu wangu mkubwa, msichana, dada yake huyo kijana. Wakati huo alikuwa anamaliza utoto, ule umri mtu analia na kucheka kwa dakika moja. Na mtoto ana mabega! Mabega ya kwetu upande wa Kakamega, ya watu wa kubeba miwa. Ananiita Kukhu, vile kwetu nyanya anaitwa. Sauti yake nzito, akipokea simu unamsalimia kama mama mwenye nyumba.

Shule yake ilikuwa ya mchanganyiko: Wahindi, Wasudani, Wafilipino, Waarabu wa kila pembe, na sisi Wakenya wachache tu. Walipoona ametoka Kenya, kwisha. Mkimbiaji! Hakuna aliyeuliza swali. Mwalimu wa michezo, kijana Mtunisia mchangamfu sana, alipiga makofi akamwandika mbio ndefu. Wazazi pale getini walikuwa wakinishika mkono, "Kenya! Kenya!" huku wanachezesha viwiko kuonyesha mtu anakimbia. Na mimi, si nilifurahi? Nilitikisa kichwa, nami nikachezesha viwiko vyangu. Ningewaambia nini? Kijijini kwetu sijawahi kuona mtu akikimbia bila kufukuzwa na kitu.

Basi siku ya mashindano ya kwanza, mtoto akakimbia. Wee! Wenzake wamemaliza, wamekunywa maji, wamevaa sweta, yeye bado anazunguka peke yake uwanjani, anapumua kama ng'ombe aliyepanda mlima. Wazazi wote wamesimama, wanapiga makofi yale ya huruma. Hayo makofi ni mabaya. Afadhali mtu akuzomee.

Tukaingia kwenye gari, tukafika kwenye taa za barabara kubwa. Halafu akasema, "Kukhu, mi nimeacha kukimbia."

"Pumzika kwanza, mama. Wiki ijayo utaona."

"Hakuna wiki ijayo. Mi nataka kutupa tufe. Wakininyima tufe, naacha michezo yote, na siku ya michezo msiniamshe."

Tufe ni lile dude la chuma la mviringo, zito, mtu analiweka shingoni halafu analisukuma mbali. Alikuwa ameliona kwenye stoo ya shule, limelala na vumbi chini ya neti za mpira. Mwalimu alimruhusu kulijaribu nyuma ya stoo. Akalisukuma, likatoboa mchanga, shimo la kuweka sufuria. Tangu hapo mtoto hakuwa na habari nyingine. Alikuwa anasukuma kila kitu. Aliweka kitunguu shingoni jikoni kwangu, nikamwambia hicho ni cha mchuzi!

Mwalimu alikuwa anataka, lakini shule haikuwa na duara. Mtupaji anasimama ndani ya duara la simiti, na bila duara hakuna mazoezi, na bila mazoezi hawezi kumpeleka mtoto kwenye mashindano ya shule zote. Mkuu wa shule akasema sawa, iko kona tupu nyuma ya uwanja wa mpira wa kikapu, lakini chama cha wazazi wa michezo ndicho kijenge. Chama kikikataa, basi.

Sasa niwaambie habari ya hicho chama, maana mimi ndani yake niliingia kama nimeitwa na kengele ya kanisa. Hao wazazi kazi yao ilikuwa kushika mkono timu za shule. Wanapika sambusa na kuuza getini ili watoto wapate jezi, wanabeba maji, wanakata machungwa, wanapeleka watoto kwa magari yao, wanapiga kelele uwanjani. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa Sudani, mrefu, kitambaa chake cha kujifunga kinang'aa, na msichana wake ndiye aliyekuwa anakimbia kweli. Huyo mama ananiita Hajja. Nikamwambia kupitia mjukuu wangu, mwambie mimi si Hajja, mimi ni wa kanisa tangu tumboni. Akanishika mashavu akasema, "Inshallah, Hajja!" Nikaachana naye. Nikawa Hajja.

Lakini kumbe mimi chama nilikielewa kivyangu. Kwetu, wamama wakiungana kulimiana, leo mnaenda shamba la huyu, kesho la yule, na hauchagui. Hata kama shamba lake ni la mawe, unaenda na jembe lako na kicheko chako. Basi nikaambiwa kuna chama cha wazazi, nikajua ni hivyo. Kukiwa na mpira, niko na mandazi yangu. Kukiwa na kuogelea, niko, ingawa yale maji yalivyokuwa yanaruka nilikaa mlangoni kabisa. Kriketi! Kriketi nilikaa kutoka asubuhi mpaka adhuhuri chini ya mwavuli, na hadi leo sijui nani alishinda, lakini kila mtu akipiga makofi nami napiga vigelegele. Kumbe wenzangu kila mmoja alikuwa anakuja siku ya mtoto wake tu! Mimi sikujua. Nilidhani wale wengine ni wagonjwa.

Basi mkutano wa tufe ukaitwa, jioni, kwenye darasa moja, sisi watu wazima tumejibana kwenye viti vya watoto. Msichana wangu alikuwa ametoka kazini, macho mekundu, nikamweka karibu awe mdomo wangu.

Mwenyekiti akaeleza mambo yake, viatu vya wakimbiaji, hema la kivuli la watu wa mpira. Halafu akanigeukia kwa upole. Msichana wangu akaninong'oneza, "Mama, anasema tufe ni mtoto mmoja tu. Labda mwaka ujao."

"Mwambie mwaka ujao mtoto atakuwa ameacha michezo."

"Mama, amesema labda."

"Mwambie leo ni zamu yetu."

"Zamu gani? Hawana mambo ya zamu hawa."

"Waambie hivyo hivyo! Kama hausemi nasema mwenyewe na viwiko."

Akasema. Na mimi nikasimama, kiti kikasimama pamoja nami maana kilikuwa kimenishika, nikaanza kuwaonyesha mmoja mmoja kwa kidole. Wewe, mpira, nilikuja. Wewe, kuogelea, nilikuja, na maji nikayaogopa. Wewe, msichana wako akikimbia nilipiga kelele mpaka nikanywa dawa ya koo. Nikafika kwa baba mmoja Mhindi wa Kerala, mpole, ana masharubu, kazi yake ni msimamizi wa mjengo. Nikasema, na wewe, kriketi!

Yule baba akaanza kucheka. Akacheka mpaka akatoa miwani. Akasema kitu, na msichana wangu, usingizi ukamtoka, akanishika mkono. "Mama! Anasema mtu aliyekaa kriketi siku nzima na haijui, huyo hawezi kunyimwa simiti. Anasema simiti ni yake."

Mwenyekiti akaangalia huku na huku. Akaona kila mtu anacheka, akafungua mikono, "Khalas, Hajja! Khalas!" yaani basi, yamekwisha, jengeni. Nikapiga vigelegele, na yeye akajibu na vyake. Kumbe Wasudani wanavyo! Tena vyao ni virefu kuliko vyetu. Darasa likatetemeka.

Tukajenga Ijumaa moja, sisi tukitoka kanisani, maana Doha kanisa ni Ijumaa, na wao wakitoka msikitini. Baba wa Kerala akaja na pickup ya kokoto na mchanga, na ukanda wa chuma ameukunja mduara safi. Na amekuja na mama yake mzazi, ametoka India juzi tu kumsalimia mwanawe. Mama mdogo mdogo hivi, mweupe kichwa, pete puani. Lugha yake sijui hata salamu, na yangu hajui. Tukaangaliana, tukaangalia simiti, na ikawa ni kama tumezaliwa nyumba moja.

Wanaume wakamwaga, wakasawazisha kwa ubao, wakaacha, wakaenda kunywa chai ya karak, ile nzito ya maziwa, kwenye gari. Mimi nikaangalia ile simiti vile wameiacha. Chafu! Ina mikwaruzo! Kwetu sakafu ukiiacha hivyo mama mkwe anarudi kwake bila kula. Nikakunja leso, nikapiga magoti. Nikageuka, naona yule mwenzangu amepiga magoti upande wa pili, amepata mwiko wa fundi, mimi nimeokota chupa ya kulainisha. Yeye anazungusha, mimi nazungusha. Tunanyunyiza maji kidogo, tunazungusha. Tulipokutana katikati ile simiti inang'aa, unaweza kuchana nywele hapo. Tukapeana mikono yenye simiti. Wanaume waliporudi wakasema mashallah, kazi safi, na baba wa Kerala mwenyewe akasifu, maana angemwambia nini mama yake?

Ikakauka siku zake. Tulimwagilia maji, tukaifunika na magunia. Siku ya mazoezi ya kwanza tulikuwa pale, nyanya wawili kwenye viti vya plastiki, tumejipamba. Mtoto akaingia ndani ya duara, tufe shingoni, akainama, akateleza kinyumenyume vile mwalimu alimfundisha, akazunguka...

Mguu ukaenda Mesaieed, mwili ukabaki Al Wukair. Tufe likaanguka huku, mtoto akaanguka kule, puu! kama gunia la viazi. Nilisikia mgongoni mwangu mimi.

Mwalimu akakimbia akamwinua. Hakuvunjika, paja tu lilikuwa limechubuka. Halafu mwalimu akapitisha kiganja kwenye simiti yetu, akatuangalia sisi wawili, akaangalia simiti tena. Kumbe duara la tufe lazima liwe na makali, liume kiatu! Ile mikwaruzo niliyoiita uchafu ndiyo ilikuwa dawa. Tulikuwa tumempigia mtoto sakafu ya sebule.

Mwalimu hakugomba. Alisema tu kwamba haruhusu mtu kutupa pale, ni hatari, na mashindano yako karibu mno, kuvunja na kumwaga upya hakuna nafasi. Baba wa Kerala akasema iko mashine ya kukwaruza, lakini kwenye mjengo wake haitoki mpaka kazi iishe. Mjukuu wangu akavua viatu polepole. Hakulia. Akasema, "Basi, Kukhu. Tulijaribu." Hiyo sauti ya kukubali! Mtoto akilia ana nguvu bado. Akikubali namna hiyo, anakuponyoka.

Sasa yule mwenzangu, mama wa Kerala, alikuwa anaipapasa ile simiti kwa vidole. Akasimama akaenda kwenye pickup ya mwanawe, akarudi na nyundo ndogo na patasi. Akaketi kwenye duara na sari yake nzuri, akaanza: ko, ko, ko. Anagongagonga, anaacha alama ndogo ndogo kama za ndui. Nikaangalia huo mkono. Nikaruka pale uwanjani! Huo mkono naujua! Jiwe la kusagia likizeeka linakuwa laini, halisagi, na wewe unaligonga hivyo hivyo, pole pole, mpaka linaanza kuuma nafaka tena. Kumbe nao wanayo mawe ya kusagia! Nikamwambia mjukuu wangu, "Lete nyundo ingine!"

"Kukhu, hamuwezi kumaliza. Ni kubwa."

"Ndiyo maana nataka simu yako. Andika kwa ile gurupu ya wazazi. Andika: Hajja anasema kesho ni shamba letu, kila mtu na nyundo yake."

"Shamba? Watafikiri umechanganyikiwa."

"Waache wafikiri wakiwa njiani."

Kesho yake walikuja. Haki ya Mungu walikuja! Watu wa mpira, watu wa kuogelea, wengine hata sijui mtoto wao anacheza nini. Mama mmoja wa Kifilipino kutoka Al Thumama alikuja na nyundo ya kuponda nyama. Mwenyekiti akafika mwisho, kitambaa kinang'aa vilevile, akaangalia watu wamechutama wanagonga sakafu, akaniuliza kitu. Mjukuu wangu akatafsiri huku anacheka. "Anauliza kama huu ndio mchezo wa Kenya."

"Mwambie ndiyo, na akae chini acheze."

Akakaa! Msichana wake mkimbiaji naye akakaa. Kulikuwa na kelele hapo, ko ko ko kila upande, kila mtu mdundo wake, mama wa Kerala anapita nyuma yetu kama mwalimu, akiona umepitisha kwa haraka anakugonga kichwani na kidole, unarudia. Mwenyekiti alirudishwa mara nyingi. Nilifurahi hiyo siku, nilifurahi vibaya. Jioni mwalimu akaja, akavaa kiatu, akajaribu kuteleza makusudi. Hakuteleza. Kiatu kikashika. Mtoto akaingia, akasukuma tufe, likaenda, likaenda, na ndipo tukagundua tumeegesha gari la mtu upande huo. Tufe lilikosa taa yake kidogo tu! Mwenye gari mwenyewe alishangilia.

Sasa siku ya mashindano. Kulikuwa na upepo wa baridi ule wa Januari, wa kumfanya mtu atafute sweta. Shule nyingi, rangi nyingi. Chama chote kilikuwa upande wa tufe, hema la mpira limebebwa likaletwa huko, mwenyekiti ameacha mbio za watoto wengine akaja. Mtupaji anapewa nafasi tatu. Mjukuu wangu alikuwa ameniambia asubuhi wakati namsuka nywele, "Nikiwa wa mwisho hapa pia, Kukhu, usiniambie tena habari ya michezo." Nikakaza nywele.

Nafasi ya kwanza. Akasukuma, tufe likaruka mbali, refa akainua bendera nyekundu. Mimi kuona bendera, na nyekundu namna hiyo, nikajua ni ya ushindi! Nikapiga vigelegele, mwenyekiti akadaka, chama kizima kikafuata, ngoma, makofi. Mtoto amefunika uso na mikono. "Kukhu! Unanichomea! Nyekundu ni mbaya!" Alikuwa amekanyaga gogo jeupe la mbele ya duara, ambalo mguu haupandi. Ile ilikuwa haihesabiwi. Refa akatuonyesha kidole mdomoni. Mwenyekiti akaniambia "Shhh, Hajja," kana kwamba yeye hakuwepo.

Nafasi ya pili aliogopa gogo. Alisimama nyuma nyuma, akasukuma kwa woga, likaanguka karibu, dup. Bendera nyeupe, lakini ilikuwa fupi kuliko ya wote. Wa mwisho. Nikaona mabega yake yameshuka. Hayo mabega! Nilitaka kuingia uwanjani niyainue kwa mikono yangu.

Akatembea mpaka kwenye kamba tuliposimama. Nikafikiri anakuja kuniambia twende nyumbani. Mama wa Kerala, ambaye hajui neno la Kiswahili wala la Kizungu, akamshika uso, akamgeuza, akamsukuma mgongo arudi. Hivyo tu. Na yule msichana wa mwenyekiti, mkimbiaji, akapiga kelele jina lake. Halafu wote wakapiga kelele, kila mtu kwa matamshi yake, jina la mtoto wangu likawa la Kihindi, la Kiarabu, la Kifilipino.

Nafasi ya tatu. Akaingia kwenye duara. Akasugua kiatu kwenye ile simiti ya huko, akainama chini kabisa. Akateleza nyuma, akageuka, na sauti ikatoka kwake, ile sauti nzito, "Haaaah!" Ndege wakaruka kwenye taa. Tufe likaenda juu, mimi nikaenda juu nalo. Likaanguka likazama. Niliziba mdomo na leso, namwangalia refa mkono wake tu.

Nyeupe.

Wakavuta futi. Wanaongea, wanaandika, wanavuta tena. Msichana wangu nesi, ambaye anashika damu za watu bila kutetemeka, alikuwa ameshika sweta yangu hadi uzi ukakatika. Wakataja. Wa tatu! Katika shule zote hizo, wa tatu, na medali yake ya rangi ya shaba!

Basi hapo tena refa hakutuweza. Vigelegele vya kwetu, vya Sudani, na mama wa Kerala anaruka na sari ameikamata kwa mikono miwili. Baba wa Kerala analia ndani ya masharubu. Mwenyekiti amenibeba, mimi na uzito wangu, miguu haigusi chini, ananipigia kelele masikioni, "Hajja! Hajja!"

Nikamtafuta mtoto. Nilifikiri anakuja kukumbatiwa. Hapana, alikuwa amesimama kule kwenye rafu ya matufe, medali imegeukia mgongoni, anamvuta mwalimu mkono. Ameinama, ananyanyua lile kubwa, la wasichana wakubwa, analipima kwa kiganja, juu, chini.

"Mwalimu," namsikia anauliza, na msichana wangu ananitafsiria, "hili ni la umri gani? Hili nitaanza lini?"